Zamu ya Dereva

Tulilinunua mnadani Changamwe, gari kuukuu la wagonjwa,
tukang'oa machela, tukatia godoro, jiko la gesi,
na pazia la maua alilolishona Nyevu mwenyewe.
Hii Jumamosi ya tatu tunazunguka mangwe.

Kisauni, mgema alishuka na kibuyu kiunoni,
kotama ingali imelowa. Nyevu akavuta kwa mrija,
akafumba macho, akaandika:
"Mtamu. Mwishoni, harufu ya mkeka mpya."
Mimi nilimsifu mgema kwa macho tu,
asije akatutilia maji.

Utange: "Mkali. Unauma ulimi, kisha unaomba radhi."
Jomvu hakuandika. Aliomba kata ya pili.

Mshika usukani haonji. Tuliapiana hivyo
tangu ile ajali ya kaka yake, Ngowa.
Basi kila mangwe hunijazia chupa ya soda,
kizibo cha gunzi, nikanywe gari likishalala.

Lakini mnazi haungoji mtu.
Miritini, saa nne usiku, gunzi moja liliruka
likagonga taa. Chupa zilizobaki
zote zilikuwa siki, siki ile ile,
Kisauni haijulikani na Utange.

Nyevu alicheka hadi akashika mbavu.
Akaziweka kando, za kachumbari.
Kisha akawasha tochi, akafungua daftari,
akanisomea polepole, mangwe kwa mangwe,
malori yakipita nje kwenda bara.
Kwenye ukurasa mtupu wa Jomvu alinyamaza kidogo,

nami nikameza.