Kidole cha Shahada

Daktari Nassra alichora nyuma ya kadi ya kliniki
pingili tatu, kama za muwa wa Konde.
"Bi Mize, ugomvi uko hapa."

Fundo la chini, la kwenye kiganja, ni kichwa cha mchi kinuni:
linapinda, linazunguka, linalala ubavu.
La kati ni bawaba. Mlango tu.
Wafunguka, wafungika, haujui njia ya tatu.
Na bawaba yangu, kwa miaka arubaini na mbili
ya kushona viua kwenye kofia za waume wa watu,
imeliwa gegedu. Ute umekauka.
Usiku naisikia: mfupa juu ya mfupa,
mbuzi inakuna kifuu, nazi imekwisha zamani.

"Lipo fundo la silikoni," akasema, "lina mikia miwili,
mmoja unaingia mfupa huu, mmoja ule.
Kidole cha pete ningekutilia.
Cha shahada, hapana."

Nikamuuliza kosa lake nini.
Akanipa sindano. "Shika."
Nikashika.
"Tazama gumba linavyokisukuma pembeni. Kutwa.
Fundo la Mungu lina kano huku na huku, zimekazwa
kama kitanda cha kamba.
Hili langu litalala upande, mwisho litakatika."

Dawa yake ni kukikaza: mfupa ushikane na mfupa,
maumivu yafe, na kupinda kufe pamoja nayo.
"Lakini pembe uchague wewe. Nikikaze vipi?"

Nikarudi Wete na swali hilo mkononi.
Kikinyooka, kitasimama kwenye tahiyatu
kama nilivyofunzwa chuoni Jadida.
Kikipinda, kitashika sindano.
Rukia akasema, "Mama, kinyooshe. Kofia siku hizi zaja za mashine."
Shoga yangu Hidaya akacheka:
"Chanda chema huvikwa pete. Hicho chako kivike uzi."

Usiku, kwenye tahiyatu, nilikiinua.
Kilinyanyuka nusu, kikagoma,
kimeinama kama kinatafuta kitu kilichoanguka mkekani.
Nikakumbuka huu ni mwaka wa tisa hakijanyooka,
na sala sikuacha.

Jumatatu nilikwenda Mkoani na kofia isiyokwisha,
viua upande mmoja tu.
Nikaishika mbele yake, sindano ndani ya tundu.
"Hapa," nikamwambia. "Pima hapa hapa."
Akaweka kipimo chake cha plastiki, akaandika nambari.
Sikumuuliza ngapi.
Alipokwenda kutafuta muhuri
nililizungushia uzi tundu lile, likaisha.