Kidude cha Elfu Arobaini

Kiwelu kaniwekea kiganjani,
kidogo kama kipande cha sabuni cha mwisho wa wiki.
"Nyimbo elfu mbili," anasema, "chaji siku tatu."
Elfu mbili! Mimi nazijua thelathini hivi,
na nyingine ubeti wa kwanza tu.

Nimekuja Double Road mara ya nne.
Kila mara nachomeka masikioni, nafumba macho,
gitaa linatembea toka sikio hili hadi lile
kama mtu anayetafuta funguo ndani ya nyumba yangu.

Elfu arobaini.
Ni gunia la mkaa, na vocha juu.
Ni siku nane za kuchambua kahawa,
punje mbovu huku, nzima kule,
mashine zikinguruma hadi meno yanatetemeka.

Hapo ndipo kingenifaa, nilidhani.
Lakini kushoto kwangu mezani anakaa Aikande,
anayesimulia ugomvi wa shemejiye kwa vipande,
sauti juu ya mashine, siku hadi siku,
na jana aliishia mlangoni, panga mkononi.

"Sasa unachukua?"
Nakirudisha juu ya kioo, taratibu.
"Nipunguzie," namwambia. "Nitavaa sikio moja."