Viti Mia na Ishirini

Nilirudi Mbale na karatasi ya manila,
nimekichora kikundi cha mama zetu kama nilivyofunzwa Maseno:
visanduku vitano, mishale minne,
mwenyekiti juu, wanachama chini,
na katikati mhazini na mtunza stoo
wameunganishwa kwa mstari mnyoofu wa kalamu nyekundu.

Wakaitazama wakinywa uji.
Finike Kavugwi, mhazini, akasogeza miwani:
"Huu mshale, ukishaenda, hurudi kwa njia gani?"
Wakacheka. Nikaandika swali pembeni
nikidhani ni mzaha.

Kikundi chenyewe ni hiki: hema mbili,
viti vya plastiki mia na ishirini, vya buluu,
sufuria sita. Zamani saba.
Ile ya saba ilipotelea Chavakali, kwenye arusi,
na tangu siku hiyo Finike na Respah, mtunza stoo,
hawajaelekezana neno. Miaka mitatu.
Lakini hesabu zilifungwa kila mwezi,
hema zilifika kabla ya maiti,
shilingi haikupotea.

Kitabu changu kinasema kila neno hubeba mizigo miwili:
habari,
na jinsi msemaji anavyomwona anayeambiwa.
"Viti vimerudi" ni habari.
"Mwambie yule viti vimerudi"
ni sufuria ya saba, na masizi yake yote.

Na hiyo "mwambie" ilipitia jikoni kwetu.
Alhamisi Respah huja na daftari, hukaa karibu na mlango,
humwambia mama.
Ijumaa Finike huja, hukaa papo hapo, huambiwa.
Katikati mama ameshapepeta, makapi yako nje.
"Amekusalimu," humwambia.
Hakusalimiwa.

Mama hakuwa na kisanduku kwenye mchoro wangu.
Mwanachama namba kumi na moja, basi.

Kitambulisho kilimwita Berita Andeso.
Maragoli, alikoolewa, walimwita Mnyore;
akienda Bunyore kuzika, waliomzaa
walimwita mke wa Mmaragoli.
Kwa majirani alikuwa Mama Asava. Asava ni mimi:
hata jina lake lilibidi linisubiri nizaliwe.
Niliwahi kumuuliza, kati ya hao wewe ni yupi?
Alikuwa anachambua mrenda, hakuinua macho.
"Inategemea nani anabisha hodi."

Alituaga Agosti, siku ya Jumanne.
Alhamisi Respah akaja na daftari lake,
akaukuta mlango, akakikuta kigoda,
hakukuta pa kuliweka neno.
Katiba ya kikundi ilikuwepo, imesajiliwa.
Muhuri ulikuwepo. Simu zilikuwa na salio.
Alisimama pale mpaka kuku wakamzoea.

Siku ya mazishi mkokoteni ukaleta viti.
Finike upande wa migomba, kalamu mkononi,
Respah upande wa kisima,
na mimi kati yao, nikiogopa
kupewa kazi ya mshale.
Finike akakohoa.
"Viti ni vingapi?"
Aliuliza hewa.
"Mia na kumi na tisa," hewa ikajibu kwa sauti ya Respah.
"Na kimoja?"
"Nimekikalia. Magoti."

Finike akavuta kingine, akakaa kando yake.
Hawakukumbatiana. Sufuria haikutajwa.
Walihesabu tena, kwa sauti, wote wawili,
wakapata mia na kumi na saba,
wakalaumiana,
wakaanza upya kutoka kwenye migomba,
na waombolezaji wakawa wanainuliwa ili wahesabiwe viti.

Usiku niliitandaza ile manila kwenye kitanda cha mama.
Nilitaka kumchorea kisanduku.
Kila nilipoiweka kalamu pana mstari,
na kila mstari nilikuwa nimeuchora mimi
kana kwamba hakuna mtu ndani yake.
Nikaikunja, nikalala.

Asubuhi niliikuta jikoni.
Kuna aliyeichana nusu
akafungia sukari ya wageni wanaorudi Luanda.