Swali la Arobaini na Tatu

Fomu ina maswali arobaini na mawili.
Nimeanza na sakafu: kavu, zulia halijajikunja.
Dawa za presha zimo kisandukuni,
kijumba cha Jumatano kitupu. Leo Jumatano.

Nachovya kipimajoto kwenye beseni.
"Yameshapimwa hayo, kwa kiwiko," asema Bi Zamzam.
"Wewe binti wa nani?"
Wa Shinuna, wa Ibra.
"Basi kaa kitako. Mkaguzi ndiye asiyekaa."

Tukamgeuza. Visigino vizima, mgongo mzima,
miaka mitatu kitandani
bila kidonda hata cha kokwa ya tende.

Swali la thelathini: kengele ya dharura.
Hakuna.
Mwanahija, mlezi wake, akainamisha macho,
kisha akanionyesha uzi,
utepe wa kanga kuukuu
toka kifundo cha mkono wa bibi
hadi kidole gumba cha mguu wake yeye,
pale chini, godoroni.
"Akitikisika tu, naamka."
Mara ngapi kwa usiku?
Akacheka. "Kuhesabu si kazi yako?"

Kiyoyozi kinanguruma. Nje, Al-Khudh yote inaungua.
Nimeandika: kengele haipo, iwekwe ndani ya siku kumi.
Nikatafuta pa kumwandika huyu mwingine,
macho mekundu,
kidole chenye pete ya uzi iliyozama nyamani.
Maswali yamekwisha.

Nikaigeuza karatasi, upande mweupe,
nikaandika kwa mkono, kwa lugha ya mama yangu
ambayo ofisini hakuna wa kuisoma:
Huyu analala lini?