Moyo wa Ng'ombe, Kidato cha Tatu B

Bwana Kasubi wa bucha la Kanyenye aliniuliza,
"Wa kuchoma, mwalimu, au wa mchuzi?"
Nikamwambia, wa kusomesha.
Akacheka, akaufunga kwenye gazeti la juzi,
akanipunguzia mia tano kwa ajili ya elimu.

Sasa uko hapa, kwenye beseni la bati,
kilo mbili na robo za msuli uliokwisha kazi yake,
na Kidato cha Tatu B wameziba pua.
Sogeeni. Hauumi.

Gusa hapa, Mayunga, chemba ya chini, upande wa kulia:
ukuta mwembamba, kama wa chumba cha kupanga.
Huu hausafiri mbali. Husukuma damu mpaka mapafuni,
kwa jirani tu; ni treni ya kwenda Usoke na kurudi.
Haya, gusa kushoto. Umeona unene?
Huu hupeleka Mwanza, Mpanda, Kigoma,
mpaka kidole gumba cha mguu
utakachojikwaa nacho jioni kwenye mawe ya Isevya.

Zamani, nilipokuwa mwalimu mgeni, niliwatungia ubeti:

*Damu chafu ya mwilini, yaingia kwa kulia,*
*Yasukumwa mapafuni, hewa safi kujitia,*
*Hurudi tena moyoni, kushoto ikiingia,*
*Kisha hutoka kwa kani, mwili wote kugawia.*

Unakaririka, na mtihani mtajibu. Lakini naungama:
"chafu" niliiweka kwa sababu ya mizani.
Damu ile haina uchafu. Imechoka tu.
Imegawa oksijeni yake kwenye misuli na ubongo,
imebebeshwa moshi wa jiko la kila seli,
inarudi nyumbani polepole.
Wala si ya buluu, ingawa kitabu chenu kimeipaka buluu.
Ni nyekundu iliyoiva sana, inakaribia zambarau.

Nikamimina maji ndani ya aorta, yarudi moyoni.
Hayakupita.
Vifuko vitatu vilijaa, vikakutana katikati, vikaziba,
na hata waliokuwa wameziba pua walisahau pua zao.

Ndipo Nyamizi, ambaye tangu Jumatatu hajaandika neno,
alipoingiza kidole kati ya chemba mbili za kushoto,
pale penye kano nyembamba zinazoushika mlango
usipinduke kama mwavuli kwenye upepo.
"Mwalimu, huu ndio wa mama?"

Ndio huo.
Mama yake amelazwa Kitete, kitanda cha dirishani.
Koo lilimuuma akiwa na miaka tisa, huko Sikonge;
wakampa asali, likapona, wakasahau.
Mwili haukusahau. Askari wake wa kufukuza vijidudu
walikosea adui, wakaushambulia mlango huu.
Sasa haufungi sawasawa. Kila pigo,
damu kidogo hurudi ilikotoka,
na daktari akiweka mpira wake kifuani
husikia, kati ya kishindo cha kwanza na cha pili,
kitu kama upepo unaopenya ufa.

"Na haupumziki?"

Hupumzika, Nyamizi. Wanaosema haupumziki hawajahesabu.
Gawa pigo moja mafungu manane:
matatu ni ya kukaza, matano ni ya kulegea.
Na unapolegea ndipo wenyewe hunywa vizuri,
kwa mishipa hii midogo, tazama, iliyoukumbatia kwa nje.
Kwa hiyo mama akiambiwa alale, alale.
Hiyo nayo ni kazi.

Sikujua kama nilijibu alichouliza.

Kengele ikalia. Wakatoka kunawa, wakisukumana bombani.
Yeye alibaki, vidole viwili shingoni,
macho kwenye saa ya ukutani isiyo na kioo.
Midomo yake ilikuwa ikitaja namba.
Nilitaka kumuuliza amefika ngapi.
Nikaanza kusuuza beseni, taratibu,
nisimpotezee hesabu.