Birika Lenye Miguu

Ishbel Cargill alianza na chaki za kuiba
shuleni alikofagia madarasa jioni.
Kwenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao, mtaa mzima wa Possil,
akachora birika lenye miguu miwili, linakimbia,
mvuke nyuma yake kama mkia wa mbwa aliyefurahi.
Mvua ya Glasgow ikafuta. Akachora.
Ikafuta.
Polisi mmoja alimtoza faini ya pauni kumi,
kisha, kwa aibu, akamwomba moja kwenye daftari, la bintiye.

Miaka mitatu baadaye birika lilikuwa London,
kwenye turubai refu kuliko mlango wetu,
na watu wenye viatu visivyojua tope
walilizunguka na glasi mkononi, wakisifu mstari.
Bei yake ingelipa kodi ya ghorofa yetu yote,
lifti mbovu ikiwemo.

Alirudi na fedha hizo akakodi duka la samaki lililofungwa.
Harufu haikutoka kamwe.
Beji peni ishirini. Kibiriti peni kumi.
Fulana pauni mbili, na kama huna, chukua, utaleta.
Mimi nilikaa kaunta, miaka kumi na saba,
nikiandika "utaleta" katika daftari
lililojaa kabla ya Krismasi.
Wengi walileta. Bi Docherty alileta viazi.

Bwana Lascelles, mwenye jumba la sanaa, alipanda treni kuja kumwonya:
"Unajishusha bei. Kitu kikiwa kwenye kila kifua,
nani atakitaka ukutani?"
Ishbel alikuwa anakunja fulana. Hakuacha kukunja.
"Ukutani kwetu kuna kuvu," akasema.
"Hebu shika pindo hilo."
Naye, maskini, akashika.

Maana beji zile zilikuwa na kazi.
Peni zake zilimlipa wakili
wa kesi ya nyumba zenye unyevu, ya watoto wanaokohoa usiku
mpaka jirani, kupitia ukuta, akajua ni kifua cha nani.
Siku ya baraza la jiji tulijaa ukumbini,
mabirika mia nne mbioni,
na tulipoamriwa tunyamaze
mtu wa nyuma akapiga mluzi mwembamba,
wa maji yaliyokaribia,
mwingine akaupokea, ukapanda, ukapanda.
Walibandua kuta. Si zote.
Jengo letu walilisahau miaka miwili.

Yeye alikufa Machi, kwa mapafu,
hamsini na mmoja, vidole na wino.

Jana niliingia kwenye maonyesho yake. Tiketi pauni kumi na nane.
Fulana imelazwa chini ya kioo, taa hafifu
kama chumba cha mgonjwa,
na kibao: mvaaji hajulikani.
Lile doa la kahawia karibu na mdomo wa birika
ni mchuzi wa chipsi. Ni langu.
Nililichukua vazi lile kwa "utaleta",
mwandiko wangu mwenyewe, na sikuleta.

Nikaweka pauni mbili juu ya kioo.
Mlinzi akanirudishia, kwa upole,
akidhani zimenidondoka.