Ndoo ya Pili

Alifika Oktoba, jakaranda zikimwaga zambarau njiani Kasapa,
na begi moja, na godoro lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Chumba chetu kilijengwa kwa ajili ya wawili.
Yeye alikuwa wa sita.

Jina? Kabange.
Anayejua Kiluba haulizi zaidi:
Kabange ni pacha wa nyuma,
mahali fulani yupo Kyungu.
Tukauliza hata hivyo.
"Amebaki Manono. Ada ilitosha kichwa kimoja.
Tulirusha sarafu."
Akacheka. Nasi tukacheka.
Kicheko hicho bado kinanikera.

Wiki ya kwanza alisema "tumeamka", "tumeshiba",
nikadhani ndivyo wanavyosema kwao.
Wiki ya tatu hakusema kitu.
Alilala uso ukutani,
nusu ya godoro ikibaki tupu
katika chumba ambamo tunalala miguu kwa vichwa.

Mmoja akasema: kiburi.
Mwingine: malaria, mpeni dawa.
Yule wa maombi akamwekea mkono utosini,
sauti ikapanda hadi majirani wakagonga ukuta.
Kabange akaitika amina, kwa adabu,
akaurudia ukuta wake.

Mimi nasoma jiolojia. Najua majina ya mawe.
Ila mwaka wangu wa kwanza
nilizihesabu ngazi za jengo hili hadi paani,
na nilikuwa na sababu ya kuzihesabu.

Bomba la chini hutoa maji saa kumi na moja alfajiri;
saa moja limekauka.
Nikaweka ndoo karibu na mkono wake.
"Nibebee hii. Mgongo wangu mbovu."
Uongo. Mgongo huu ni wa Katuba,
umebeba magunia ya makala tangu darasa la nne.
Hakugeuka.
Kesho yake nikasema tena. Na kesho kutwa.
Siku ya nne aliamka, nadhani kwa hasira.

Tulipanga foleni gizani.
Kwenye ngazi maji yake yakanimwagikia mguuni.
"Samahani."
Neno la kwanza tangu Jumapili.

Sikumbuki ni asubuhi ya ngapi nilipomwambia:
nyuma ya duka la dawa la chuo kuna mlango usio na kibao.
Yuko Mama Mwilambwe. Anasikiliza.
Ukilia, haandiki.
"Umejuaje?"
"Nilikwenda."
"Wewe?"
"Mimi. Miezi mitano."
Akaweka ndoo chini, akanitazama
kama mtu aliyeonyeshwa kivuko.

Sisemi amepona.
Kemia aliikosa. Kuna Jumanne haamki,
nazibeba zote mbili, mgongo mbovu au mzima.
Alhamisi huenda kule kwenye mlango,
hurudi na macho mekundu na njaa,
anamaliza bukari yangu na sombe yote.
Jumapili anampigia Kyungu kwa salio langu,
wanagombana nani alie kwanza.

Jana niliamshwa na mlio wa ndoo zikigongana.
Giza bado. Kabange amesimama mlangoni,
viatu miguuni, kitambaa kichwani.
"Amka," anasema, "tumechelewa."
Nikalala kidogo zaidi, macho wazi,
nikiisikiliza ile *tu*,
nikijihesabu ndani yake.